Sikuangukia mtaroni

Naona voisi ya kwamba nimeangukia mtaroni na baiskeli imeshazunguka kila grupu, na kicheko cha msemaji katikati. Aliyeirekodi simtaji, nyote mnamjua, na mwezi wa Ramadhani mimi bado nitafuturu kwao. Lakini niwasahihishie. Sikuangukia mtaroni. Mtaroni angalau ningekuwa peke yangu.

Watu wa Tanga baiskeli mnazijua, sina haja ya kueleza sana. Yangu ni ile ya mtumba kutoka Japani: kikapu mbele, kengele, kava la cheni. Cheni ilikuwa imelegea, kila tuta inashuka. Gurudumu la nyuma nimelivuta mpaka ekseli imegota mwisho wa tundu lake. Fundi wetu wa chini ya mwembe akaipima cheni kwa rula. "Pingili 24 ziwe inchi 12. Yako imezidi. Imelika hii, nunua mpya." Mimi moyoni nikasema mzee anatafuta biashara. Nyumbani nina kitoa pini, kile kidude cha skrubu kinachosukuma pini ya cheni bila nyundo wala msumari, na tangu nikinunue nilikuwa nakitafutia kazi.

Ijumaa asubuhi nikafungua kava, nikaanza. Nikatoa pingili moja. Ncha mbili zikabaki zinatazamana, zote nyembamba: mabwana harusi wawili, bibi harusi hayupo. (Mafundi mnaosoma, chekeni taratibu. Kwa wengine: pingili nyembamba huingia ndani ya ile pana, kwa hiyo zinatoka mbili mbili.) Nikatoa na ya pili. Sasa ikawa fupi. Nikasukuma gurudumu mbele, nikaivuta, nikaivisha kwenye meno kwa nguvu. Inatakiwa ukiibonyeza katikati icheze kama nusu inchi. Yangu haikucheza hata kidogo, nami nikafurahi, nikaona ndiyo kukaza huko.

Na pini. Wote husema usiitoe nzima, iache imeshikilia kidogo ukutani mwa pingili, la sivyo kuirudisha ni kilio. Hilo nilizingatia sana. Nikawa naisukuma irudi ilale sawa pande zote, adhana ikalia. Ikabaki imechomoza upande wa nje, kiasi cha kukwaruza kucha tu. Kava nikasema nitalifunga nikirudi. Nikanawa, nikavaa kanzu nyeupe, kitoa pini nikakitia mfukoni ili nikamwonyeshe fundi kwamba mambo yamebadilika.

Hapo sasa ndipo voisi inaporuka, kwa hiyo twendeni polepole.

Nakaribia kona ya barazani kwa kahawa. Wazee wapo, wanamalizia drafti kabla ya kwenda msikitini, ubao juu ya kreti la soda, vizibo vimepangwa. Nasikia pindo la kanzu linavutwa mguuni kulia. Linavutwa kwa adabu kabisa. Nikasema upepo wa kusi huo. Nikapiga pedali.

Goti likavutwa. Nikasema kanzu imeshika kwenye pedali, nikikaza mwendo itaachia. Jamani, msiniulize hesabu hiyo niliipata wapi. Nikakaza. Kila pedali ikizunguka cheni inameza shibiri moja ya kanzu, na ile pini inashikilia, haitemi. Kola ikaanza kunivuta shingo. Nikainama. Nikapiga pedali tena, kwa sababu nikisimama naanguka, nikienda naanguka vilevile ila kwa heshima ya mbali kidogo. Nikazidi kuinama mpaka kidevu kikatua juu ya kengele.

Krin krin.

Wazee wote wakageuka. Sasa utafanyaje? Nikasema, "Shikamooni wazee." Wakaitikia, "Marahaba, mwanangu." Na nikamsikia mmoja kwa masikio yangu: "Watoto wa siku hizi wanasema hawana adabu, mtazame huyu, anainama hadi juu ya baiskeli."

Krin krin tena, maana kidevu hakikuwa na pa kwenda.

Baiskeli ikaisha nguvu mbele yao hasa. Mguu wa kushoto uko huru, lakini baiskeli haikuangukia kushoto. Ikalala kulia, polepole, nami nikiwa nimeshonwa nayo, nikawa na muda wa kuona kila mzee akinyanyua kikombe chake na kurudisha miguu nyuma. Hakuna aliyemwagikiwa. Nikatua juu ya drafti. Vizibo vyote chini. Mzee aliyekuwa anafungwa akasema haraka, "Basi, imevurugika, tuanze upya." Yule aliyekuwa anashinda hakusema kitu, akanitazama tu.

Kuhusu bukta: ndiyo, ilionekana. Ni ya Coastal Union, timu yetu ya mpira, imechakaa, huenda ilicheza ule msimu wa 1988 tulipochukua ubingwa wa ligi. Anayesema ilikuwa na tundu, aseme ukubwa wa tundu, tulinganishe.

Kitoto fulani kikaja: "Kaka, zungusha pedali nyuma." Ushauri mzuri, ila cheni ilikuwa imekaza kupita kiasi, haiendi mbele wala nyuma. Nikakumbuka kitoa pini. Kilikuwa mfukoni. Mfuko ulikuwa ndani ya cheni.

Basi akaitwa fundi wa mwembe. Akaja na nyundo na msumari, akaweka nati chini ya pingili, ko, ko, pini nje. Hakusema neno, na alikuwa na maneno. Nikaswali Adhuhuri nyumbani. Kanzu ina msitari mweusi wa alama za meno kutoka pindoni mpaka kiunoni, nusu inchi kwa nusu inchi, Mama ameiloweka kwa sabuni ya kila aina na sasa ameacha kunisemesha. Cheni mpya imefungwa, kava pia. Yule mzee aliyekuwa anashinda anadai nimtolee ushahidi jinsi vizibo vilivyokaa kabla sijavilalia, na kila nikipita ananiita.

Kitoa pini nakiuza, bei tutaelewana. Kina uzi mweupe umenasa kwenye skrubu, nimeshindwa kuutoa.