Pori Linamtaka Mzee

Ukihudhuria semina ya wastaafu watarajiwa hapa Tanzania, utafundishwa kufuga kuku wa mayai, kuchimba bwawa la samaki, kununua bodaboda na kumkabidhi kijana awe anakuletea hesabu, na kutomwonyesha ndugu yeyote karatasi ya mafao. Mafunzo hayo yana maana. Wapo wenzetu waliotapeliwa jasho la miaka thelathini kabla hata hawajazoea kuitwa wastaafu, na tangu kikokotoo cha mafao kilipobadilishwa mwaka 2022, mkupuo wa kwanza ukawa asilimia 33, kila shilingi inahesabiwa mara mbili. Hata baada ya nyongeza ya 2024, iliyowapandisha baadhi hadi asilimia 40 na wengine 35, hesabu bado ni ya tahadhari. Lakini sijawahi kumsikia mtoa mada hata mmoja akituuliza: asubuhi ya kwanza isiyo na ofisi, miguu yako itakupeleka wapi?

Yangu inanipeleka porini. Nilifundisha jiografia sekondari hadi nilipofika sitini, umri wa lazima wa kustaafu kwa mtumishi wa umma, na tangu hapo uwindaji wa leseni na safari za miguu milimani ndivyo vinavyopanga mwaka wangu. Ninachotaka kukisema ni hiki: uwindaji halali unamfaa mtu wa miaka sitini kuliko unavyomfaa wa thelathini. Watu wengi wanafikiri kinyume. Mwindaji wanayemwona vichwani mwao ni kijana mwenye kifua kipana, anakimbia, analenga, anaangusha. Nenda naye huyo kijana porini saa nne uone. Atakuwa ameshachoka kungoja, anaangalia simu, anataka twende upande ule kwa sababu upande huu hakuna kitu. Hana kosa. Ana kazi Jumatatu, ana ada za watoto, na muda wa likizo unamwishia. Mtu mwenye haraka humfyatulia mnyama aliye mbali mno, au aliyejificha nusu nyuma ya kichaka, kwa kuwa anaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mstaafu hana haraka hiyo. Nikirudi bila kitu leo, keshokutwa ni yangu pia.

Kazi yenyewe, wanaoijua wanajua, ni kusoma. Unatoka kambini kabla hakujapambazuka vizuri, unatembea taratibu, macho chini na mbele kwa zamu. Kijana wa kijijini anayetuongoza, ambaye ananiamkia shikamoo kila asubuhi kisha ananikemea nikikanyaga kijiti kikavu, ana kifuko kidogo cha kitambaa chenye majivu. Kila baada ya hatua kadhaa anakitikisa na kuangalia vumbi linakoelekea, maana upepo ukitupitia mgongoni kwenda mbele, swala wameshatujua kabla hatujawaona. Unyayo wa usiku huwa umeangukiwa na umande, na vijidudu vimeshachora njia zao juu yake. Wa alfajiri kingo zake bado ni kali, hazijaanza kumomonyoka. Mavi yakiwa yamekauka juu, unayapasua kwa kijiti uone ndani. Majani yaliyoinamishwa yanaeleza kundi lilielekea wapi, na yakianza kuinuka, yanaeleza lilipita lini. Nimesahihisha mitihani ya ramani kwa miaka mingi, na ninaweza kusema kwamba sikuwahi kuona mwanafunzi anayeisoma ramani kama kijana yule anavyoisoma ardhi ya mita ishirini mbele yake.

Kwenye nyati mambo ni mengine kabisa. Pale kuna shashi, wale ndege wanaopekua kupe mgongoni mwa nyati. Wakiruka ghafla kwa kelele, kundi lote linainua vichwa, na wewe unabaki umesimama kama ulivyo, mguu mmoja mbele, hadi watulie. Kijana hawezi kusimama hivyo. Mzee anaweza. Waliosema mwenda pole hajikwai nadhani waliwahi kufuata nyati.

Kuhusu kufyatua risasi sina maneno mengi, kwa sababu ni sehemu fupi kuliko zote. Ukishalenga, uwe na uhakika, na kama huna, usifyatue. Mnyama akijeruhiwa, ni lazima umfuatilie, iwe jua kali au kiu. Sheria inakutaka hivyo, na hata isingekutaka, mtu mzima hawezi kulala usiku akijua kuna kiumbe kinateseka kichakani kwa mkono wake. Kila mara tunaongozana na mwenzetu Mwislamu wa kuchinja, ili nyama iliwe na kila nyumba pale mtaani. Mimi nyama hiyo siiuzi. Inagawanywa: kwa waliotembea nami, kwa wenyeji wa kijiji, kwa majirani, na mama watoto anakausha kidogo kwa moshi kwa ajili ya wajukuu wakija likizo.

Najua kuna msomaji ambaye ameshaanza kuniona jangili. Nimjibu kwa uzito unaostahili, maana hofu yake ina sababu. Sensa ya tembo nchini ilihesabu zaidi ya 109,000 mwaka 2009, na ya mwaka 2014 ikakuta takriban 43,000. Hiyo ni aibu yetu sote, na ilifanywa na majangili wa meno pamoja na waliowafungulia njia. Jangili wa nyama naye ana njia zake: nyaya za mitego zinazonasa kila kinachopita, awe swala mwenye mimba au fisi, na kurunzi za usiku zinazompumbaza mnyama asimame apigwe. Haya yote yamekatazwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku, inakataza kupiga kutoka ndani ya gari, inawalinda wanyama wachanga na majike yenye watoto. Twiga, alama ya taifa letu, haguswi. Mwenye leseni anawinda mnyama aliyeandikwa kwenye leseni, idadi iliyoandikwa, mahali palipoandikwa, ndani ya msimu unaofunguliwa Julai mosi, kiangazi kikiwa kimeanza na nyasi zikilala.

Tena ninaamini kwamba pori lisilotembelewa na watu wema halibaki tupu. Vitalu vingi vya uwindaji vya wageni vilirudishwa serikalini miaka iliyopita kwa kukosa waendeshaji, na mahali pasipo na kambi, gari la doria wala mtu wa kuuliza, haichukui muda kuona tanuri za mkaa na makundi ya ng'ombe. Mzee anayekwenda eneo lilelile kila mwaka analijua. Anajua kisima kipi kimekauka, anajua mahali nyaya zilipotegwa, na namba ya simu ya afisa wanyamapori wa wilaya anayo. Jicho la namna hiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, haiwezi kulinunua kwa bajeti yoyote.

Hapa nina neno kwa serikali. Uwindaji wa wenyeji ulishawahi kusimamishwa, ukafunguliwa, na kila taratibu zinapobadilika mwananchi ndiye wa mwisho kujua. Mgeni kutoka ng'ambo ana kampuni inayomshughulikia kila karatasi, tangu anaposhuka uwanja wa ndege hadi pembe zake zinapopakiwa. Mtanzania mwenye miaka 62 anasafiri mwenyewe wilayani, anaambiwa mgao wa wanyama wa kuwindwa bado haujatoka, anarudi, anapanda tena basi. Mimi naomba kitu kimoja kidogo: mgao wa wenyeji utangazwe mapema, mwezi Mei, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kila halmashauri. Wanyama hawa tumewalinda kwa kodi zetu tangu tukiwa vijana.

Sasa kwa wale ambao hawataki kugusa bunduki. Ninawaheshimu, na mke wangu ni mmoja wao. Yeye anapenda ndege na misitu, na pori lake ni milima ya Udzungwa. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1992 na hadi leo ni ya kutembea kwa miguu, hakuna barabara za kuzunguka na gari ndani ya msitu. Reli ya TAZARA inapita jirani, Mang'ula. Unapanda hadi maporomoko ya Sanje, maji yanayoshuka kama mita 170 kwa ngazi tatu, na njiani ukibahatika unamwona ngolaga wa Sanje, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu ingawa wenyeji walikuwa naye siku zote. Kiingilio cha Mtanzania katika hifadhi zetu ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni. Ajabu ni kwamba kwenye njia zile nimekutana na wastaafu wengi kutoka Ujerumani na Uholanzi, wenye mvi na fimbo za kutembelea, kuliko wastaafu kutoka Kidatu na Ifakara ambao wanaiona milima hiyo kutoka mlangoni mwao.

Kwa ndugu zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, njia hii ya pili ndiyo yao, na ni pana. Longonot ina mita 2,776 na mtu wa Nairobi anaipanda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mito ya baridi ya Aberdare ina samaki wa trauti kwa anayependa ndoana na ukimya. Na anayesema umri umempita, akumbuke kwamba Julai 2019 bibi mmoja Mmarekani, Anne Lorimor, alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akiwa na miaka 89.

Suala la afya nalitaja kwa sababu ndilo linalotuua. Presha, sukari, magoti. Baada ya kustaafu mwili unakaa kwenye kiti kuliko ulivyokaa kazini, maana angalau kazini ulikuwa unapanda ngazi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na pembezoni mwa Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa upinde na kuchimba mizizi, na watafiti waliwafunga vipimo vya mapigo ya moyo kifuani. Walikuta kwamba kwa wastani wanapata zaidi ya saa mbili kwa siku za mwendo unaouchangamsha moyo, wazee wao wakiwemo, na presha ya juu kwao ni nadra. Sisi tunaandikiwa na daktari nusu saa ya kutembea na tunaiona adhabu, tunazunguka uwanja wa mpira mara mbili huku tukiangalia saa. Porini hakuna anayehesabu. Unafuata unyayo wa kongoni, unavuka korongo, unapanda kichuguu uone mbele, na ukigeuka jua liko utosini.

Gharama zipo, sifichi. Bunduki ina masharti yake chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, ina kibali cha polisi, inataka kabati la chuma na moyo mtulivu. Risasi ni ghali, mafuta ya gari ni ghali zaidi. Sisi tunachangia: gari la mmoja, bunduki za wawili, wengine wanaleta unga, maharage na sufuria. Mwenzetu mmoja hajawahi kufyatua wala hataki. Anakuja kwa ajili ya jioni, moto ukiwashwa na kanga wakianza kuitana wakipanda miti kulala. Hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wazima kweli. Mtu anaeleza alivyozika mke, mwingine anaeleza mtoto asiyepiga simu, na hakuna anayeinuka kwenda kuwahi kikao. Nimekaa kwenye vikao vya kahawa mtaani na navipenda, lakini kule siasa inakula muda wote na bao linamaliza uliobaki. Sijawahi kumsikia mwanaume akilia kwenye bao. Porini nimemsikia, na asubuhi yake alitembea mbele yetu sote.

Anayetaka kuanza msimu ujao asisubiri Julai. Aanze sasa na miguu. Sisi wa Morogoro tuna Uluguru hapa juu, na njia ya Morningside inatosha kumfundisha mtu viatu vyake vinambana wapi na pumzi yake inaishia wapi. Apime presha na sukari, amwambie daktari ukweli kwamba atakuwa mbali na zahanati, na dawa zake azigawe mafungu mawili, moja kwenye begi lake na jingine kwa mwenzake. Nguo zisiwe za bluu wala nyeusi, maana mbung'o wanazifuata rangi hizo, na mbung'o wa porini kwetu wanaweza kubeba malale. Mwezi Mei aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aulize maeneo yaliyotengwa, wanyama walioruhusiwa na ada za mwaka huo, na aombe aonyeshwe kwa maandishi. Kisha atafute kijana wa kijiji jirani na eneo hilo, amlipe vizuri, na siku za kwanza amwachie atembee mbele bila kubishana naye.