Kross hakuwa mwandishi wa historia tu

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa amemweleza Jaan Kross, mwandishi wa Estonia, kama mtunzi wa riwaya za historia, basi. Hapo kampunja. Mtu huyu alikamatwa na Wajerumani 1944, halafu Wasovieti wakamkamata 1946 na kumpeleka kambi za kazi ngumu kule kaskazini, kisha uhamishoni Siberia. Estonia, iliyokuwa chini ya Wasovieti, alirudi 1954. Sasa mtu wa namna hiyo ataandikaje ukweli huku kila mswada unapita kwa wakaguzi wa serikali? Alifumba maneno, akasema ya wakati wake kwa kisa cha zamani. Riwaya yake ya 1978, Keisri hull (yaani Mwendawazimu wa Tsar), inamhusu Timotheus von Bock, kabaila aliyemwandikia Tsar Alexander wa Kwanza, mfalme wa Urusi, barua ya kumweleza makosa yake waziwazi, akafungwa miaka tisa, kisha akatangazwa mwendawazimu. Msimulizi ni shemeji yake, anayeandika shajara kwa kujificha. Eti hayo ni ya karne ya 19! Msomaji wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, aliyejua wapinzani wa serikali ya Kisovieti wanafungiwa hospitali za vichaa alihitaji kuelezwa nini zaidi? Halafu makala imesahau kabisa kwamba 1992 alichaguliwa bungeni, Estonia ikiwa huru tena.