Nani ashike usingizi: bingwa wa mjini au muuguzi wa kituo cha afya?

Ndugu wakimsindikiza mgonjwa thieta, swali lao la kwanza huwa, "Anapasuliwa na daktari gani?" Wa kumlaza, yaani anayempa usingizi au ganzi, hatajwi. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali za hapa Dodoma mara za kutosha kulijua hilo, na kila mara linaniuma, kwa sababu upasuaji ukishaanza, pumzi, presha na mapigo ya moyo ya mgonjwa viko mikononi mwa mtu huyo asiyeulizwa hata jina.

Wataalamu wenyewe wanamjadili, na mjadala wao unatuhusu. Kwa miaka kadhaa sasa Serikali imejenga thieta kwenye vituo vya afya ili mama wa Chemba au Mpwapwa afanyiwe upasuaji wa kujifungua karibu na kwao. Anayeshika kisu huko mara nyingi ni daktari wa kawaida au daktari msaidizi. Anayetoa ganzi au nusu kaputi ni muuguzi au tabibu aliyepata mafunzo mafupi ya fani hiyo. Mabingwa wa usingizi wengi wako hospitali kubwa za mijini, kama Muhimbili, Bugando, KCMC na hapa kwetu Benjamin Mkapa. Je, ni haki kumlaza mama bila bingwa?

Wanaosema si haki wana takwimu za kushika. Mwaka 2016 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ulikuta kwamba kati ya vifo 100 vya kina mama baada ya upasuaji wa kujifungua, karibu 14 vilitokana na usingizi au ganzi yenyewe. Tena, pale aliyetoa usingizi hakuwa daktari, walikufa kina mama 9.8 kwa kila 1,000. Pale alipokuwa daktari, walikufa 5.2. Ni karibu mara mbili.

Ukiisoma takwimu hiyo kwa haraka, utataka thieta za vijijini zifungwe kesho asubuhi. Isome tena. Watafiti wale wale waliandika kwamba idadi halisi kwa wasio madaktari inaweza kuwa popote kati ya 5.2 na 15.7, na kwa madaktari kati ya 0.9 na 12.6. Makadirio hayo yanaingiliana kwa sehemu kubwa. Na zaidi ya hesabu, kuna suala la nani alilazwa na nani. Mama anayefika kituo cha pembezoni kwa bodaboda, uchungu umeanza jana, kizazi kimepasuka, hawezi kuwekwa mizani moja na aliyepangiwa siku yake katika hospitali ya mjini. Ni kama kumpima dereva wa milima ya Kibakwe wakati wa masika kwa rekodi ya dereva wa lami ya Morogoro. Mwaka 2014 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walitafuta tafiti zinazolinganisha madaktari na wasio madaktari katika kutoa usingizi, na wakashindwa kutoa kauli ya uhakika kwa upande wowote.

Upande wa pili nao una hoja nzito, ya kwanza ikiwa umbali. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni kilomita zipatazo 160, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Vifo vya kina mama nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Thieta za vituo vya afya hazikufanya kazi hiyo peke yake, lakini sioni namna ya kuziweka kando ya mafanikio hayo.

Upande huu pia hupenda kutaja utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009, ulioonyesha kwamba upasuaji wa uzazi wa madaktari wasaidizi haukuwa na matokeo mabaya kuliko wa madaktari. Ni utafiti wa kujivunia. Ila ulimpima mwenye kisu. Kisu na usingizi ni fani mbili, na ubora wa mmoja hauwezi kuwa shahidi wa mwingine.

Mimi nadhani tunabishania cheti huku jambo lenyewe likitupita. Chukua nusu kaputi kwa mjamzito. Chakula kinaweza kurudi kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu, koo limevimba kwa ujauzito, mrija wa hewa unagoma kupita, na oksijeni inashuka upesi kuliko kwa mtu mwingine. Uchambuzi ule wa 2016 ulikuta uwezekano wa mama kufa ukiwa zaidi ya mara tatu kwa nusu kaputi kuliko kwa ganzi ya mgongo. Hapa pia ni lazima kukumbuka kwamba anayepewa nusu kaputi mara nyingi ndiye aliyefika akiwa na hali mbaya zaidi. Lakini ganzi ya mgongo nayo hushusha presha ghafla, na ikipanda hadi kifuani mama anashindwa kupumua. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anajua la kufanya katika yote hayo. Swali langu ni jingine: akikwama, nani anakuja? Na mtoto akitoka bila kulia, nani anamshughulikia, ili anayetoa usingizi asilazimike kumwacha mama?

Hata mshono wa mwisho haumalizi hatari. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika uliochapishwa 2018, wa nchi 25 na wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionyesha kwamba wagonjwa wetu hufa mara mbili ya wastani wa dunia ingawa ni vijana zaidi. Kati ya waliokufa, zaidi ya 9 kwa kila 10 hawakufia mezani. Watafiti hao wakaona basi tuongeze macho wodini. Wakajaribu mpango wa wagonjwa walio hatarini zaidi kupimwa mara nyingi zaidi, kuwekwa kitanda mbele ya meza ya wauguzi, na ndugu kuruhusiwa kukaa nao. Matokeo yalitoka 2021, hospitali 332 zikiwa zimeshiriki. Vifo havikupungua.

Matokeo hayo yalinisikitisha, na bado nayaamini. Kuona presha inashuka hakumwokoi mtu kama benki ya damu ni tupu, mtungi wa oksijeni umeisha, na mwenye uwezo wa kuamua hapatikani hata kwa simu.

Kwa hiyo sitamwondoa muuguzi wa usingizi kwenye kituo cha afya. Nitaiuliza halmashauri kama kila thieta ina kipima oksijeni kinachofanya kazi, mtu wa pili wa kumpokea mtoto, damu kwenye jokofu, na namba ya bingwa wa zamu mjini anayepokea simu usiku. Nitauliza pia kliniki. Mama mwenye makovu matatu ya upasuaji, au mwenye ugonjwa wa moyo, hakustahili kabisa kufika kwenye thieta ile ndogo, na kadi yake ilisema hivyo miezi kabla. Huyo ana muda wa kusafiri mchana, uchungu haujaanza, nauli ya basi ikitafutwa taratibu, akalale chigonela, nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, karibu na hospitali kubwa akisubiri siku yake.