Rodgers na mipira iliyodondoka: Green Bay 2022, lawama ziende wapi?

Green Bay Packers, timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, walifungua msimu wa 2022 ugenini Minneapolis, tarehe 11 Septemba, dhidi ya Minnesota Vikings. Wenyeji walikuwa wameshatangulia kwa pointi 7. Packers wakaanza na mpira kwenye yadi 25 ya upande wao, na katika jaribio lao la kwanza kabisa (timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10) kwotabeki wao, yaani mrushaji mkuu wa pasi, Aaron Rodgers akarusha mpira mrefu kwa Christian Watson, mpokeaji (mdakaji wa pasi) chipukizi aliyekuwa katika mechi yake ya kwanza ya NFL. Watson alikuwa amemwacha nyuma Patrick Peterson, beki mzoefu kuliko wengi, na mbele yake hapakuwa na mtu. Mpira ukamfika mikononi, ukadondoka. Tachidauni ya yadi 75 (kuufikisha mpira mpaka ukanda wa goli) ikayeyuka. Mechi ikaisha 23-7 kwa Vikings, na ubishi ambao mashabiki wa Green Bay hawajaumaliza mpaka leo ukawa umezaliwa.

Upande mmoja unasema: mzee afanye nini zaidi? Kwotabeki aliyekuwa mchezaji bora wa ligi 2020 na 2021 anapeleka mpira mahali pake, na vijana hawadaki. Upande wa pili unasema: mtu wa miaka 38, mwenye mkataba mpya wa dola milioni 150 kwa miaka mitatu, hakuhudhuria mazoezi ya hiari ya Mei wakati timu ina wapokeaji wapya, kisha Agosti anawakosoa hadharani kwa kudondosha mipira na kukimbia njia wasizopangiwa. Oktoba akarudia, akisema wanaokosea mara kwa mara wapunguziwe muda wa kucheza.

Kuhusu ule mpira wa Minneapolis, hakuna cha kubishania. Ni kosa la Watson, lote. Tatizo ni kwamba mashabiki waliubeba mpira huo mmoja wakautumia kueleza msimu mzima wa mechi 17, na hapo hesabu zinagoma.

Mwaka 2021 Rodgers alirusha pasi 531, zikadakwa 366, yaani asilimia 68.9. Mwaka 2022 alirusha 542, zikadakwa 350, yaani asilimia 64.6. Ili kurudi kwenye kiwango cha mwaka uliotangulia alihitaji pasi karibu 24 zaidi zidakwe. Kwa hiyo anayetaka kumsafisha kwa hoja ya kudondosha peke yake inabidi aonyeshe mipira 24 iliyodondoshwa juu ya ile ya 2021, maana mwaka huo pia ilidondoshwa. Ukiangalia yadi ni vilevile: wastani ulishuka kutoka 7.75 kwa kila pasi hadi 6.82. Kwa pasi 542, hilo ni pengo la yadi 500 na ushei. Ule mpira wa Watson ulikuwa na yadi 75, kwa hiyo ungehitaji mingine kama huo karibu sita kuliziba. Haikuwapo. Na mipira iliyonaswa na wapinzani ilipanda kutoka 4 hadi 12, idadi kubwa kuliko zote kwake tangu 2008. Msimu mzima hakuwa na mechi hata moja ya yadi 300.

Lakini hesabu hizi nazo zina upofu wao, na hapa watetezi wa Rodgers wana hoja nzito kuliko ile wanayoipenda kuisema. Mpira uliodondoka hauondoi yadi zake tu. Ukidondoka katika jaribio la kwanza, timu inabaki na yadi 10 na majaribio mawili ya kweli kabla ya kulazimika kuupiga mpira mbali. Beki wa upinzani anajua pasi inakuja, ukuta wa mbele wa upinzani unamfuata kwotabeki bila kuogopa mkimbiaji. Pasi inayofuata inakuwa ngumu zaidi, na ikikosea, takwimu zinaiandika kwa jina la mrushaji. Tena kuna makosa ambayo safu ya takwimu za mipira iliyodondoshwa haiyaoni kabisa, nayo ndiyo yaliyoiumiza Green Bay zaidi: njia iliyokimbiwa vibaya.

Kwotabeki wa kiwango hiki hamrushii mtu, anarusha mahali. Katika njia fupi ya kukata ndani anapiga hatua tatu nyuma na mpira unatoka mpokeaji akiwa ndiyo kwanza anageuza mguu. Njia nyingi zina uchaguzi ndani yake: mabeki wakilinda mtu kwa mtu, endelea kukimbia; wakilinda maeneo, simama kwenye uwazi kati ya wawili. Wote wawili wanatakiwa kusoma jambo lile lile ndani ya sekunde mbili. Mmoja akisoma tofauti, mpira unaanguka pasipo na mtu, na aliyeko jukwaani anaona pasi mbovu. Ni kama krosi inayopita mbele ya goli tupu: mmoja anamlaumu winga, mwingine mshambuliaji, na ni kocha tu anayejua nani alitakiwa kuwa nguzo ya kwanza.

Rodgers aliongeza ugumu juu ya huo. Alikuwa na tabia ya kubadilisha njia pale pale kwenye mstari wa kuanzia mchezo, kwa ishara ya mkono, baada ya kuona mabeki walivyojipanga. Davante Adams, mpokeaji wake mkuu aliyeondoka kabla ya msimu wa 2022, alicheza naye misimu minane, 2014 hadi 2021, na ishara hizo alizielewa kama salamu. Watson alitoka North Dakota State, chuo cha daraja la pili chenye mafanikio makubwa lakini kilichotegemea zaidi kukimbia na mpira. Juni akafanyiwa upasuaji mdogo wa goti, akakosa mwanzo wa kambi. Romeo Doubs, chipukizi mwenzake, alichaguliwa raundi ya nne ya usajili wa chipukizi. Allen Lazard, mpokeaji aliyekuwa akimfahamu Rodgers vizuri, aliikosa mechi ya Vikings kwa sababu ya kifundo cha mguu.

Ndiyo maana suala la Mei haliwezi kupuuzwa, ingawa wanaolikuza hulisema vibaya. Mazoezi yale ni ya hiari, na wakongwe wengi huyakosa. Rodgers aliyakosa 2021 pia na akatwaa tuzo. Ila 2021 Adams alikuwepo kikosini. Mwaka 2022 watu waliotakiwa kujifunza ishara hizo walikuwa uwanjani Mei, na mwenye ishara hakuwepo. Kuwalaumu Agosti kwa kutozijua ni jambo gumu kulitetea, hata kama alichosema kuhusu makosa yao kilikuwa kweli.

Turudi kwenye mikono, maana huko watu wanarahisisha sana. Mpira unaokuja juu ya kifua hudakwa viganja vikiuelekea, vidole gumba na vya shahada vikikaribiana. Ulio chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vinavyokaribiana. Mpira mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya bega hudakwa viganja vikitazama juu. Mpokeaji mwenye kasi hukosea kwa njia tatu hasa: anainua mikono mapema na kupunguza mwendo wake mwenyewe, au anahamisha macho mbele kabla vidole havijaufunga mpira, au anauachia ugonge kifuani na kuruka. Watson ana urefu wa mita 1.93 na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.36. Mtu wa kasi hiyo, akiwa peke yake, ana muda mwingi wa kufikiria tachidauni kabla hajaupata mpira.

Halafu kuna mipira ya katikati, ile ambayo kampuni moja ya takwimu inaiandika kuwa imedondoshwa na nyingine inaiandika kuwa pasi mbovu. Mfano wake mkubwa ni fainali ya NFL ya Februari 2012, New England Patriots na New York Giants. Zikiwa zimebaki dakika kama nne, Patriots wakiongoza 17-15, kwotabeki wao Tom Brady, aliyekuwa na miaka 34, alimrushia mpokeaji Wes Welker aliyekuwa wazi. Mpira ulikuja juu ya bega la nyuma, Welker akajipinda hewani, ukagusa mikono yote miwili na kuanguka. Giants wakashinda 21-17. Mke wa Brady wakati huo, Gisele Bündchen, alinaswa na kamera akisema mumewe hawezi kurusha na kudaka kwa wakati mmoja. Welker alikuwa ameongoza ligi msimu huo kwa mipira 122 aliyodaka. Mpira wa namna hiyo hauna mkosaji mmoja: angeweza kuudaka, na ungeweza kurushwa mbele yake.

Green Bay ya 2022 ilijaa mipira ya namna hiyo, hasa baada ya tarehe 9 Oktoba. Siku hiyo Packers walicheza na Giants London, kwenye uwanja wa Tottenham Hotspur, wakafungwa 27-22, na katika jaribio la mwisho Rodgers akavunjika dole gumba la mkono wa kulia. Dole hilo ndilo linaloushika mpira kwa chini na kuamua pua yake ielekee wapi unapotoka. Likiuma, mshiko unalegea, mpira unatoka ukiyumba, unapaa juu au unafika nyuma ya mkimbiaji. Alicheza nalo wiki baada ya wiki, jambo linalostahili heshima. Ila mpokeaji anayedaka mpira unaoyumba nyuma ya bega lake naye apewe haki yake. Baada ya kufungwa na Tennessee Novemba, Rodgers mwenyewe alikiri kuwa mipira yake mingi ilikuwa ikiyumba.

Na kuna mechi ambazo wapokeaji hawahusiki kabisa. Tarehe 6 Novemba, Packers walifungwa 15-9 ugenini na Detroit Lions, na pasi tatu za Rodgers zikanaswa. Moja iligonga kofia ya mpinzani, tuite bahati mbaya. Nyingine ilikuwa pasi kwa David Bakhtiari, mlinzi wa ukuta wa mbele, karibu kabisa na mstari wa goli, ikanaswa na Aidan Hutchinson. Hakuna chipukizi wa kulaumiwa hapo.

Wiki iliyofuata Watson alidondosha mapema dhidi ya Dallas Cowboys, kisha akafunga tachidauni tatu, za yadi 58, 39 na 7, Packers wakashinda 31-28 katika muda wa nyongeza. Katika mechi nne alifunga nane. Mashabiki wa Rodgers husema huo ni ushahidi kwamba kwotabeki alikuwa sawa muda wote. Sidhani. Moja ya hizo nane ilikuja Philadelphia, Rodgers akiwa ametoka kwa maumivu ya mbavu: kwotabeki wa akiba Jordan Love akampa Watson pasi fupi ya kukata uwanja, kijana akakimbia nayo mpaka yadi 63 zikatimia. Pasi rahisi, mpokeaji katika mwendo, kasi ifanye kazi. Rodgers kwa muda mrefu alipendelea mpira mrefu pembeni, ambao ukifika ni mzuri kuutazama, lakini ni mgumu zaidi kwa mrushaji na mdakaji pia.

Viongozi wa klabu nao wanapona kirahisi mno katika mjadala huu. Machi 2022 Adams alikwenda Las Vegas Raiders kwa kubadilishana na nafasi mbili za usajili wa chipukizi, ya 22 na ya 53. Ya 22 ilitumika kumchukua Quay Walker, na ile ya 28 waliyokuwa nayo wenyewe Devonte Wyatt, wote wachezaji wa ulinzi. Ya 53 ikaunganishwa na ya 59 na kupelekwa Minnesota ili kupanda hadi ya 34, ambako walimpata Watson. Adams alidaka mipira 100 na kufunga tachidauni 14 huko Las Vegas, na Raiders bado wakamaliza na ushindi 6 na vipigo 11. Green Bay walimaliza na ushindi 8 na vipigo 9, nje ya mtoano, baada ya kufungwa 20-16 na Detroit nyumbani tarehe 8 Januari 2023. Pasi ya mwisho ya Rodgers akiwa na jezi ya Packers ilinaswa na Kerby Joseph wa Detroit, yule yule aliyenasa pasi zake mbili Novemba.