Nani kaficha spana namba 10?

Jamani, mwanaume ukishanunua foo wili unaanza kudharau madimbwi. Juzi mvua imepiga, wenye vigari vyao wanageuza pale bondeni Kigogo, mimi nikaweka 4L, ile gia nzito ya foo wili, nikapita napiga mawimbi kama boti ya Zanzibar. Maji yakaingia mpaka kwenye makapeti. Nikapiga na honi.

Asubuhi stata inazungusha, injini haipokei. Fundi umeme kwenye simu: "Mzee, kontroboksi, ule ubongo wa injini, imeoga. Itoe uniletee." Itoe! Kama meno ya bandia vile.

Kwanza unafungua terminali hasi ya betri. Nati namba 10. Spana ninazo, 8, 9, 11, 12, hadi 24 ya kazi gani sijui. Namba 10 haipo. Dogo wa bodaboda kaniazima, simu yangu kaishika rehani.

Hilo boksi lenyewe limejificha nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Kwa hiyo droo itoke, na vya ndani vitoke, na mama watoto kasimama hapo na kikombe cha chai. Likatoka nusu andazi. Ikatoka karatasi ya faini ya trafiki. Ikatoka bahasha ya mchango wa jengo la kanisa, ile niliyoapa nimeitoa Pasaka. Akaingia ndani kimya. Heri angetukana.

Nikalala chali, miguu nje, tochi nimeing'ata (simu si iko rehani?). Soketi ya nyaya zake nikaivuta mpaka jasho likaingia machoni. Mtoto wa jirani akaja, akabonyeza kidude pembeni, tap, imetoka. Nikamfukuza.

Kumbe ndiyo hiki? Kisanduku cha bati, kama daftari kubwa! Hiki ndicho kinapima hewa, kinakadiria mafuta, kinaamua plagi itoe cheche lini? Gari la zamani la kabureta ungepuliza, ungefuta na fulana, ungeondoka.

Fundi kafungua: kutu ya kijani. Nikasema basi nikachukue iliyotumika, kule Gerezani kwenye spea. Kacheka. "Ya gari nyingine haiutambui ufunguo wako, mzee. Immobilaiza hiyo, kinga ya wizi. Mpaka iprogramiwe." Yaani gari langu, ufunguo wangu, bado tutambulishwe kama wachumba!

Kaipiga brashi, kasema ikauke kwanza, tutaijaribu. Ikaukie wapi, hakusema. Simu ikiloa si huwa tunaizika kwenye mchele? Nimeizika.

Sasa hivi namsikia mama watoto jikoni, anafunua ndoo.