Bushi Kwenye Friza

Gari lilianza kwa kugonga kidogo tu, mbele upande wa kushoto, tena kwenye matuta peke yake. Baadaye likawa linagonga hata ukifunga breki. Mke wangu kila likigonga anaongeza sauti ya redio. Siku redio ilipofika mwisho wa sauti, akanitazama bila kusema neno, nikaenda kutafuta jeki.

Nikaliinua, nikaliketisha kwenye stendi, gurudumu likatoka. Nikachomeka mtaimbo kati ya fremu na amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoliunga gurudumu na gari, nikakandamiza. Amu ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Chuma chenyewe kizima, na boljointi, kile kiungo cha mviringo kwenye ncha yake upande wa gurudumu, nzima. Iliyokufa ni bushi ya mbele, ile raba inayokaa katikati ya bomba mbili za chuma, dogo ndani na kubwa nje. Imechanika mpaka naona upande wa pili. Wapo watu wanaonunua amu mpya nzima nzima, bushi na boljointi zikiwa humo humo, wanafunga, wananawa mikono, wanakwenda zao. Mimi nikanunua bushi tupu. Fundi wa kwenye video alizibadilisha huku akipiga stori, na hakuchafuka hata shati. Lile shati bado linanisumbua.

Boljointi ilinipa heshima. Nilipiga nyundo ubavu wa lile jicho la chuma linaloishika, sikugusa uzi wala nati, ikaachia. Jirani yangu, aliyekuwa ameegemea ukuta na kikombe chake mkononi, akasema, "Ehee! Fundi!" Nikajisikia mtu.

Tukafika kwenye bolti ya bushi ya nyuma.

Nikavalisha soketi, nikaongeza bomba refu kwenye mpini, nikavuta kwa nguvu zote. Ikazunguka! Laini kabisa. Nikamgeukia jirani nione kama ameona. Nikavuta tena kidogo, ikaja. Nikaachia mkono nijifute jasho, na bomba likarudi lilikotoka, likipitia kwenye paji la uso wangu.

"Inafungua halafu inajifunga yenyewe," jirani akasema. "Hiyo ndiyo teknolojia mpya?"

Kumbe kutu imeigandisha bolti ndani ya lile bomba dogo la bushi. Raba nayo imegandishwa kwenye chuma, ndani na nje. Kwa hiyo muda wote ule nilikuwa sifungui bolti, nilikuwa nasokota raba, na raba ikisokotwa inakumbuka nyumbani kwao. Bushi ya mbele ilikuwa imekufa, sawa. Hii ya nyuma ilikuwa na nguvu zake zote na iliamua kuzitumia kwangu. Nikamwaga dawa ya kutu, nikasubiri, nikagonga kichwa cha bolti, nikavuta. Inakuja, inarudi. Jirani akaanza kuhesabu kwa sauti, kama refa wa ndondi. Nikaongeza dawa mpaka ikawa inanidondokea machoni, na bolti bado inakuja na kurudi.

Ikabaki grainda. Ukikosa kuifungua, unaikata, pale penye uwazi mwembamba kati ya bushi na kishikio chake. Nikavaa miwani, nikalala chali, nikawasha. Cheche zikatoka vizuri. Kisha raba ikashika. Kama hujawahi kunusa bushi inayoungua, usiione hasara: ni moshi mweusi mzito unaoshika nguo, nywele na ukoo mzima. Mimi niko chini nahangaika na sentimita ya mwisho, sijui kwamba huku nje moshi unatoka pande zote za gari na miguu yangu tu ndiyo inaonekana. Jirani, kwa mara ya kwanza siku ile, akaweka kikombe chini. Alirudi na ndoo. Alimwaga maji yote, na baadhi yake yalifika kwenye moto.

Bahati grainda ilikuwa ya betri. Bolti ilikatika, amu ikanidondokea kifuani, na jirani akapiga makofi. Sikujua anampigia nani.

Bushi za zamani zilitoka kwa msumeno na matusi, tuziache. Kuingiza mpya ndiko kwenye ufundi. Bushi inaingia kwenye tundu lake kwa kubanwa sana, maana ikiingia kirahisi itatoka kirahisi. Sasa chuma kikipoa husinyaa kidogo. Kwa hiyo jioni ile nilizifunga bushi mpya kwenye mfuko mweusi, nikazilaza kwenye friza. Zikeshe humo, asubuhi ziingie zikiwa zimenywea. Nililala usingizi wa mtu mwenye elimu.

Nilichosahau kukwambia ni kwamba mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea.

Asubuhi nikaibana amu kwenye jiliwa, nikasugua matundu mpaka yakang'aa, nikachora alama ya bushi ikae inatazama wapi, kwa sababu zina upande, huziingizi ovyo. Kila kitu tayari. Nikamtuma mwanangu akalete ule mfuko, upesi, zisipate joto njiani. Akarudi mikono mitupu.

"Baba, bibi anasema bado hazijalainika."

Nikaingia jikoni mbio. Mama mkwe ameinama juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, mfuko wangu umo ndani, anaubonyeza kwa mwiko.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "figo hizi ni za mnyama gani? Nimeziloweka tangu alfajiri. Na zina mfupa katikati."

Mama mkwe humwambii kitu chochote kinachokujia kichwani. Nikameza mate. "Mama, samahani, hizo ni za gari."

Akanitazama nywele zilizoungua, akatazama uvimbe wa paji la uso, kisha akamgeukia binti yake kwa huruma sana. Mke wangu aliendelea kuosha vyombo. "Ziache tu, mama. Atazikaanga mwenyewe."

Ziliingia hivyo hivyo, zikiwa za moto, kwa maji ya sabuni na jiliwa na soketi kubwa ya kusukumia, milimita kwa milimita, huku zikilia. Nikarudisha amu kwa bolti mpya na kuzikamata kwa mkono tu. Kukaza kulisubiri mpaka jeki ikabeba uzito wa gari chini ya amu, ikae kama inavyokaa barabarani. Ukizikaza gari likining'inia, raba inafungwa katika mkao wa kuning'inia, gari likishuka inabaki imesokotwa kila siku, na haikawii kuchanika. Jirani alitaka kujua nimeyajuaje hayo na mambo mengine sikuyajua. Sikumjibu.

Tukatoka kulijaribu, familia nzima, mama mkwe amekaa nyuma. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mke wangu akazima redio kabisa, nami nikavimba kichwa.

"Mbona umekata kona?" akaniuliza.

"Sijakata kona. Tunakwenda moja kwa moja."

"Usukani umelala upande."

"Ukigusa amu, magurudumu yanapoteza mstari. Ni kawaida. Tunakwenda kwenye alaimenti sasa hivi, wanaunyoosha."

Nyuma kukawa kimya kidogo. Kisha mama mkwe akasogea mbele, akanigusa bega kwa upole.

"Na huo nao, mwanangu, wataulaza kwenye friza?"