Jina likiishia na -ić, uliza kwanza ni la mji gani

Mashabiki wa Simba bado wanamkumbuka Zdravko Logarušić, "Loga", aliyetua Msimbazi mwishoni mwa 2013 baada ya kuifundisha Gor Mahia ya Nairobi. Waganda na Wanyarwanda nao wanamkumbuka Milutin Sredojević, "Micho", aliyezinoa timu zao za taifa. Vijiweni wawili hawa walitiwa kapu moja: makocha wa Yugoslavia, nchi iliyokwisha kuvunjika. Loga ni Mkroatia, Micho ni Mserbia, na kuanzia 1991 hadi 1995 Kroatia ilikuwa vitani na jeshi la Yugoslavia pamoja na Waserbia waliokataa kujitenga kwake. Kuwachanganya ni kosa ambalo wenyewe hawalichukulii kama utani.

Ile -ić ya mwisho haimtambulishi mtu taifa lake. Asili yake ni kudogosha, na kwenye majina ya ukoo ilifanya kazi kama "bin": Petrović ni mwana wa Petar. Wakroatia wanayo, Waserbia, Wabosnia na Wamontenegro wanayo. Kinachokuambia zaidi ni mji aliokulia mtu na klabu iliyomlea, na hapo ndipo ninapogombana na orodha nyingi za "Wakroatia maarufu" zinazozunguka mitandaoni. Zinapanga majina ishirini, zinasema nchi ina watu wasiofika milioni 4, kisha zinamalizia kwa neno muujiza. Hakuna muujiza. Ukifuata majina hayo nyumbani kwao utajikuta unarudi kwenye miji ile ile: Šibenik, Split, Zadar, Zagreb.

Tuanze na matamshi, maana watangazaji wetu wanayaumiza majina haya bila sababu. Kikroatia husomwa kama kinavyoandikwa, sawasawa na Kiswahili. Ljudevit Gaj ndiye aliyependekeza alama za juu ya herufi mwaka 1830. Č ni "ch", ć ni "ch" laini zaidi, š ni "sh", j ni "y", c ni "ts", đ ni "j", na nj ni "ny" ya nyama. Basi Modrić ni "Modrich", Perišić ni "Perishich", Janica ni "Yanitsa", Tuđman ni "Tujman". Mkazo usiuweke silabi ya mwisho. Mtu anayeweza kusema "chai" hana kisingizio cha kusema "Modriki".

Sasa Šibenik, mji mdogo wa bandari, na Dražen Petrović, aliyezaliwa huko tarehe 22 Oktoba 1964. Kwangu yeye ndiye mwanamichezo mkubwa kuliko wote waliotoka nchi hiyo, na nasema hivyo nikijua Modrić yupo. Alimfuata kaka yake Aleksandar kwenye mpira wa kikapu, akawa anaingia ukumbi wa Baldekin alfajiri kabla ya shule kurusha mipira mamia kwa mamia. Akiwa na miaka 15 alikuwa tayari timu ya wakubwa ya Šibenka. Mwaka 1983, kwenye mchezo wa kuamua ubingwa wa Yugoslavia dhidi ya Bosna ya Sarajevo, alifunga pointi 40, mbili za mwisho zikiwa mitupo huru iliyoipa timu yake ushindi. Mji ukakesha. Kesho yake shirikisho likafuta matokeo kwa sababu ya uamuzi wa mwamuzi dakika ya mwisho na kuagiza mchezo urudiwe. Šibenka ikakataa kucheza, ubingwa ukaenda Sarajevo.

Baada ya jeshi alikwenda Cibona ya Zagreb. Akaipa ubingwa wa Ulaya mwaka 1985 kwa pointi 36 dhidi ya Real Madrid, ukarudi tena 1986. Oktoba 1985 alifunga pointi 112 katika mchezo mmoja wa ligi dhidi ya Olimpija. Watu huishia kwenye namba hiyo. Mimi naona somo kubwa liko Portland. Alifika NBA mwaka 1989 akakuta nafasi yake imekaliwa na Clyde Drexler, akakaa benchi, msimu wa kwanza akapata wastani wa pointi 7.6 tu. Wachezaji wengi wa Ulaya wa wakati ule wangerudi nyumbani, ambako wangelipwa vizuri na kuabudiwa. Yeye aliomba kuhamishwa. Januari 1991 akapelekwa New Jersey Nets, akapewa dakika, na katika msimu wa 1992/93 alifikia wastani wa pointi 22.3 huku mitupo yake ya mbali, ile ya pointi tatu, ikiingia karibu 45 kati ya kila 100. Mtu wa namna hiyo hata leo, enzi ya mitupo ya mbali, ni adimu. Katikati ya hayo, 1992 pale Barcelona, aliiongoza Kroatia kupata fedha ya Olimpiki. Fainali walifungwa na Marekani 117 kwa 85.

Alikufa ajalini kwenye barabara kuu ya Ujerumani tarehe 7 Juni 1993, akiwa na miaka 28. Wanaosema kuwa milango ya NBA kwa Ulaya ilifunguliwa na waliokuja baada yake wasome tena tarehe.

Zadar ni mwendo mfupi kutoka hapo ukifuata pwani, mji wenye watu kama 70,000. Luka Modrić alizaliwa huko Septemba 1985 na kulelewa kwenye kitongoji cha mlimani. Desemba 1991 babu yake, ambaye ndiye aliyempa jina, aliuawa na wapiganaji wa Kiserbia, familia ikakimbilia Zadar na kuishi hotelini kama wakimbizi kwa miaka. Mpira aliuchezea kwenye maegesho ya magari ya hoteli. Hajduk ya Split ilimwona mdogo na dhaifu ikamrudisha. Aliyemshikilia ni Tomislav Bašić, mkuu wa vijana wa klabu ya Zadar, na ndiye aliyemfungulia njia ya kwenda Dinamo Zagreb alipokuwa na miaka 16. Dinamo nayo ikamtoa kwa mkopo kwenda Zrinjski ya Mostar, ligi ya Bosnia yenye viwanja vibovu na mabeki wasiohurumia vifundo vya miguu, akatoka huko akiwa mchezaji bora wa ligi akiwa na miaka 18. Klabu zetu zinazoogopa kumpeleka kijana kwa mkopo mahali pagumu zitazame mwaka ule mmoja.

Mengine mnayajua: Tottenham 2008, Real Madrid 2012, Ligi ya Mabingwa mara 6, mpira wa dhahabu wa Kombe la Dunia 2018 na ule wa Ufaransa, Ballon d'Or, mwaka huo huo.

Lakini angalieni walinda lango. Kroatia ilipiga mikwaju ya penalti mara 4 katika Kombe la Dunia la 2018 na la 2022, dhidi ya Denmark, Urusi, Japani na Brazil, ikashinda zote 4. Makipa walikuwa Danijel Subašić na Dominik Livaković, na wote wawili wamezaliwa Zadar. Subašić alizuia penalti 3 za Denmark, Livaković 3 za Japani. Mji mmoja wa watu 70,000 umetoa kiungo na makipa wawili wa timu zilizofika fainali na nafasi ya tatu ya dunia. Na mji huo huo una jeraha lake. Machi 2008, kwenye uwanja wa Zadar, Hrvoje Ćustić alikimbilia mpira aliopigiwa na Subašić, akashindwa kujizuia na kugonga kichwa kwenye ukuta wa zege uliokuwa karibu mno na mstari wa pembeni. Alifariki siku chache baadaye. Subašić alivaa fulana yenye picha yake chini ya jezi kwa miaka. Anayesimamia uwanja wowote, hata wa shule, achukue futi akapime umbali kutoka mstari hadi ukuta, nguzo au mtaro wa karibu.

Upande wa fedha nao haufai kufichwa. Juni 2018, siku chache kabla ya kombe, mahakama ya Osijek ilimtia hatiani Zdravko Mamić, aliyekuwa bosi wa Dinamo, kwa kuchota fedha za klabu kupitia mauzo ya wachezaji. Njia yenyewe ilikuwa kiambatisho cha mkataba: klabu kubwa inalipa ada, Dinamo inampa mchezaji sehemu yake kwa mujibu wa kiambatisho, kisha mchezaji anazipitisha kwa watu wa bosi. Mamić alikuwa ameshahamia Bosnia na Herzegovina. Machi 2021 mahakama ya juu kabisa ya Kroatia ikathibitisha kifungo cha miaka 6 na nusu. Kijana anayewekewa karatasi ya pili mezani baada ya kusaini ya kwanza asome ya pili kwa makini zaidi.

Kisa cha Janica Kostelić, bingwa wa kuteleza kwenye theluji, kinanisahihisha kidogo, maana hakuna klabu wala mji uliomlea kwenye theluji. Mlima wa Zagreb, Medvednica, una kilele cha mita 1,033 tu. Baba yake Ante, kocha wa mpira wa mikono, aliwabeba yeye na kaka yake Ivica kwenye gari kuzunguka milima ya Alpi bila fedha za hoteli. Desemba 1999 goti lake liliumia vibaya. Olimpiki ya Salt Lake City 2002 akachukua dhahabu 3 na fedha 1, mwanamke wa kwanza kupata dhahabu 3 za kushuka mlima kwenye Olimpiki moja. Torino 2006 akaongeza dhahabu na fedha. Baadaye alipewa wadhifa serikalini kusimamia michezo.

Kwenye siasa orodha huanza na Josip Broz Tito, kiongozi wa Yugoslavia, wa Kumrovec, baba Mkroatia na mama Mslovenia. Kwa Afrika Mashariki si mgeni: alifika Tanzania mapema 1970, mwaka ambao Dar es Salaam iliandaa mkutano wa matayarisho wa nchi zisizofungamana na upande wowote, na mazungumzo yake ya Julai 1956 na Nasser na Nehru yalifanyika visiwa vya Brijuni, ambavyo leo ni vya Kroatia. Franjo Tuđman ndiye rais wa kwanza, aliyeiongoza nchi hadi uhuru. Heshima hiyo ni yake, lakini asiandikwe kama malaika: hukumu ya mahakama ya kimataifa ya The Hague ya Novemba 2017 dhidi ya viongozi sita wa Wakroatia wa Bosnia ilimtaja miongoni mwa washiriki wa mpango wa kuwaondoa Waislamu kwenye maeneo yao huko, ingawa yeye alikuwa amefariki tangu 1999 na hakushtakiwa.

Ninaowatafuta bila kuwapata kwenye orodha ni wanawake wawili. Savka Dabčević-Kučar aliongoza serikali ya jamhuri ya Kroatia kuanzia 1967, kisha akaongoza chama cha Kikomunisti huko hadi Desemba 1971, alipong'olewa kwa kuwa sura ya vuguvugu la kudai haki zaidi za Kroatia ndani ya Yugoslavia. Aliyekalia kiti chake cha chama ni Milka Planinc, ambaye 1982 akawa waziri mkuu wa Yugoslavia nzima, mwanamke pekee aliyewahi kushika kazi hiyo, na kazi yenyewe ilikuwa kulipa madeni ya nje wakati kahawa na mafuta ya gari vikiadimika madukani. Mmoja alipendwa, mwingine alilaumiwa. Kolinda Grabar-Kitarović, rais wa zamani wa Kroatia, aliyeonekana na dunia nzima akilowa mvua Moscow 2018, aliikuta njia imeshapitwa.

Sayansi na sanaa nazo zina ugomvi wake. Nikola Tesla, mvumbuzi wa mambo ya umeme, alizaliwa Smiljan, ndani ya Kroatia ya leo, kwa wazazi Waserbia. Kroatia imemweka kwenye sarafu zake za senti 10, 20 na 50 za yuro, na Belgrade ilinung'unika. Ivo Andrić, mshindi wa Nobel 1961, alizaliwa Bosnia kwa wazazi Wakroatia akaja kujihesabu kwenye fasihi ya Kiserbia. Waandike wote wawili, lakini sentensi ya asili yao isikatwe.

Ivan Meštrović, mchongaji sanamu, hana ubishi huo. Alizaliwa 1883 Vrpolje, akakulia Otavice, kijiji cha mawe bara ya Šibenik, akichunga kondoo na kuchonga mti na jiwe kwa kisu. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Split kwenye karakana ya fundi mawe Pavao Bilinić, na huko akajifunza kazi ya jiwe kabla ya kwenda chuo cha Vienna. Wapanda farasi wawili wa shaba walioko Chicago tangu 1928 ni wake, mmoja wa upinde na mwingine wa mkuki, na ukiwatazama vizuri utaona upinde haupo wala mkuki haupo. Ameacha misuli iseme. Mwaka 1947 jumba la Metropolitan la New York lilimfanyia maonyesho ya peke yake, heshima ambayo halikuwa limempa msanii aliye hai. Alifariki Indiana, Marekani, Januari 1962. Mwili wake ulirudishwa Otavice, ukazikwa kwenye kanisa alilolijenga mwenyewe kwa ajili ya ukoo wake, juu ya kilima.